Kuchemsha, Kuchuja au Kutia Dawa? Taarikh ya Maji ya Kunywa Majumbani Mwetu



Nadhani kila mmoja wetu aliye nje keshaulizwa suali hili na jamaa wa nyumbani: "Huko mliko kuna mashine nzuri za kusafishia maji, mbona hamtuletei moja?" Na wengi tumeshatuma. Aliyeko Muscat anatuma kimtambo kama kile kilichofungwa chini ya karo la jiko lake. Aliyeko London anatuma jagi lenye chujio, kwa sababu ndilo analolitumia yeye. Aliyeko Toronto anatuma pesa za mkaa wa kuchemshia. Kila mmoja ana yakini kwamba njia yake ndiyo njia. Na huku nyuma kipindupindu, ambacho tangu 1978 kimekuwa kikirudi visiwani kila baada ya muda, kiliingia tena Unguja na Pemba 2015 kikaendelea mpaka 2016.

Mimi si mhandisi wa maji wala tabibu, nasoma taarikh tu. Lakini katika kusoma nimeona jambo moja ambalo naona lina faida kwetu. Kila njia ya kusafisha maji nyumbani ilizaliwa mahali fulani kwa sababu ya khatari fulani. Njia hizi hazikutungwa zishindane. Zilitungwa kujibu masuali tafauti. Kwa hiyo mtu anayechagua njia bila ya kuijua khatari iliyomo katika maji yake, huwa ananunua jawabu ya suali la mtu mwengine. Hilo ndilo nitakalojaribu kulieleza hapa, na nitaanzia kwetu.

WAZEE WALIKUWA NA NJIA ZAO

Kuna watu wanaodhani usafi wa maji tuliletewa na wakoloni. Si kweli. Tazama nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18. Msalani palijengwa birika la maji ya kukogea na kutawadhia, na ndani yake wakatiwa visamaki vidogo wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika palipachikwa bakuli la kaure, mara nyingi la kutoka China, ili maji yakikaribia kwisha visamaki vibaki na pahala pa kuishi. Huo ni uhandisi, tena wa mtu aliyekaa akafikiri.

Maji ya kunywa yalikuwa na chombo chake, nacho ni mtungi. Mtungi wa udongo unavuja kidogo kidogo kwa nje, na unyevu ule ukikauka maji ya ndani yanapoa. Yakikaa humo tangu usiku, taka nzito zinatuama chini. Majumba mengi yalikuwa yakiufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuujaza, na jamaa zetu wa Oman wakifanya hivyo hivyo kwa mitungi yao. Juu pakawekwa kifuniko, na pembeni ikatundikwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu, ili mkono wa mtu usiguse maji. Iwekeni akilini kata hii, kwani nitairudia.

Nimetaja Oman, na wengi humu mpo huko, kwa hiyo mnazijua aflaj kuliko mimi. Falaj linapoingia kijijini, pahala pa mwanzo ni pa kuteka maji ya kunywa. Baada ya hapo ndipo msikiti, kisha pa kukogea, na mwisho kabisa mashamba. Hakuna mtu aliyekuwa na darubini ya kuonea vijidudu, lakini utaratibu ule unakataa maji ya kunywa yasitanguliwe na uchafu wa mtu mwengine. UNESCO ilipoziingiza aflaj tano katika urithi wa dunia mwaka 2006 iliangalia sana ujenzi wake na namna maji yanavyogawanywa, lakini mimi naona na mpangilio ule nao ni urithi.

Ama maji yenye tope, hayo yalikuwa na dawa zake. Shabu ikizungushwa ndani ya maji inazikusanya chembe za tope zikawa vinyenga, zikazama. Mbegu za mlonge zilizotwangwa zinafanya kazi kama hiyo. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kijerumani, Samia Al Azharia Jahn, aliwasoma wanawake wa Sudan waliokuwa wakisafisha maji ya Nile kwa mbegu hizi, na kutokana na kazi yake maabara za Ulaya zikaanza kuutazama mti ambao kwetu unaota uani. Walichokikuta ni kwamba mlonge unazamisha tope pamoja na sehemu kubwa ya bakteria walioshikamana nalo, lakini si wote. Tena maji yale hayawekeki muda mrefu, kwani ndani yake mmebaki mabaki ya mbegu ambayo ni chakula cha bakteria waliosalia.

Sasa waungwana, tuulize: wazee walijuaje kama maji ni mazuri? Walitumia macho, ulimi na pua. Hata katika fiqhi mizani ni hiyo hiyo. Sote tulisoma chuoni mlango wa twahara: kwa madhehebu ya Shafi, maji yaliyofika kullatayn, ambayo wengi wanayakadiria kuwa karibu lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Fiqhi haikukosea hata kidogo. Ilikuwa ikijibu suali la ibada, kwamba maji haya yanafaa kutawadhia au hayafai. Makosa ni yetu sisi tunaochukua jawabu ya suali hilo tukaliweka juu ya suali jengine, kwamba maji haya yanaweza kumuua mtoto au hayawezi. Kijidudu cha kipindupindu hakibadilishi rangi, wala ladha, wala harufu.

MAJI MEUPE YALIYOUWA MJI

Hilo lilidhihirika katika karne ya 19. Kipindupindu kilipiga pwani yetu mara kadhaa: 1836-37, 1858-59, na 1869-70. Mwanzoni mwa 1859 Richard Burton alifika Kilwa akakuta watu wanakufa kwa ugonjwa huo. Lile la 1869-70 ndilo lililoandikwa kwa urefu zaidi, kwa sababu wakati huo Unguja alikuwepo daktari wa Kiskochi, James Christie, ambaye mwaka 1876 alichapisha London kitabu juu ya maradhi hayo Afrika Mashariki. Christie aliwauliza wafanyabiashara, mahujaji na watu wa misafara, akaifuatilia njia ya ugonjwa kutoka Hijazi na Bahari ya Sham, kupitia bara mpaka Umasaini, kushuka Pangani, na kuvuka kuja Unguja mwishoni mwa 1869. Kwa mtu aliyefanya kazi hiyo kabla hakijathibitishwa kijidudu chenyewe, ni utafiti wa kustaajabisha. Robert Koch hakukitambulisha mpaka 1883-84, Misri na Calcutta.

Mji wenyewe ulikuwa umejiandalia balaa. Mji Mkongwe umesimama juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hili lina matundu kama sponji. Watu walichimba visima vifupi humo humo, na mashimo ya vyoo humo humo. Kinachoingia shimoni hakihitaji safari ndefu kukifikia kisima. Na maji ya kisima cha jiwe hutoka meupe, baridi, matamu. Mtu anakunywa na kumshukuru Mola wake.

Sayyid Barghash alitawala kuanzia Oktoba 1870, maradhi yakiwa ndiyo kwanza yamepita, na Aprili 1872 kikaja kimbunga kikaangusha mikarafuu na majumba. Kazi yake iliyobakia midomoni mwa watu mpaka leo ni mifereji ya maji kutoka chemchem za upande wa Bububu mpaka mjini. Tazama hikima yake: hakuyasafisha maji ya mjini, aliyaacha akaleta mengine. Lilikuwa ni jawabu la serikali, si la mtu mmoja na mtungi wake. Na maji yale kwa muda mrefu hayakuwa ya kulipiwa, mpaka ikawa ada kwetu kuamini kwamba maji ni ya bure.

Lakini mfereji nao una tabia yake. Bomba likijaa maji saa zote, maji yanasukuma kwenda nje, kwa hiyo hata likiwa na ufa linavuja tu. Maji yakikatwa, msukumo unaondoka, na unyevunyevu uliolizunguka bomba unapata nafasi ya kuingia ndani kwa ule ule ufa. Kwa hiyo maji yaliyotoka chemchem hali ya kuwa safi yanaweza kufika kwako machafu, khasa yale ya mwanzo baada ya mgao. Ndio maana suali la kusafisha maji limerudi tena ndani ya nyumba, hata kwa mwenye mfereji.

KUCHEMSHA

Kuchemsha ni njia kongwe. Wagiriki waliitaja, na Ibn Sina aliyefariki 1037 aliieleza katika Qanun pamoja na kuchuja na kukusanya mvuke. Lakini iliyoifanya kuwa amri ya madaktari ni karne ya 19, na mfano unaosomeshwa zaidi ni wa Hamburg mwaka 1892. Mji huo ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila ya kuyachuja. Jirani yake Altona alikunywa mto huo huo, tena upande wa chini, baada ya Hamburg kumwaga humo uchafu wake. Tafauti ni kuwa Altona ilikuwa ikiyapitisha maji kwenye mchanga. Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000 katika muda wa wiki chache. Altona ilisalimika kwa sehemu kubwa, na palikuwa na barabara ambayo upande mmoja wanaumwa na upande wa pili hawaumwi. Ilibidi wakuu wa Hamburg wawagaie watu maji yaliyochemshwa.

Wakati huo Wajerumani walikwisha kushika Dar es Salaam na Waingereza Unguja. Wazungu walikuja na ada hiyo katika nyumba zao, na watumishi waliochemsha maji ya bwana walikuwa watu wetu, ambao wenyewe wakirudi kwao hawana kuni za kutosha kuchemsha hata uji.

Uzuri wa kuchemsha ni kuwa kunaua bakteria, virusi na vijidudu vyengine vyote vya kuharisha, na hakuhitaji kujua hesabu. Wengi tulifunzwa dakika kumi, wengine ishirini. Hilo ni kupoteza mkaa tu. Shirika la Afya Duniani linasema yatosha maji yatokote sawasawa, na taasisi ya Marekani ya kudhibiti maradhi inasema dakika moja, au tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Nadhani hata chai imetusaidia sana bila ya sisi kujua, kwani chai haipikwi kwa maji mabichi.

Upungufu wake ni miwili. Kwanza ni gharama. Hesabu inayotajwa sana ni kilo moja ya kuni kwa lita moja ya maji. Kwa nyumba ya watu wanane piga hesabu mwenyewe, na jikoni yupo nani anayevuta ule moshi. Pili, maji yaliyochemshwa hayana kinga. Yakishapoa, kidole kimoja kinatosha kuyarudisha yalikotoka. Mtu anachemsha maji yake vizuri, anayapoza, halafu anatia barafu iliyogandishwa kwa maji ya mfereji. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu.

KUCHUJA

Mwaka 1884 Charles Chamberland, aliyekuwa akifanya kazi na Pasteur mjini Paris, alitengeneza chujio la kaure lisilopitisha bakteria. Baada yake Ujerumani likaja la Berkefeld, la udongo wa magamba ya viumbe vya kale vya majini, lililopitisha maji kwa wepesi zaidi. Vile vyujio vya ndoo mbili na "mshumaa" mweupe ndani, mnavyoviona katika majumba mengi ya nyumbani, ni wajukuu wao.

Kuna kisa hapa nakipenda. Mwaka huo huo wa 1892, Dmitri Ivanovsky wa Urusi aliupitisha utomvu wa tumbaku yenye maradhi katika chujio la Chamberland. Bakteria wote walibaki juu, lakini ule utomvu uliopita bado uliambukiza. Kumbe mlikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria. Virusi vilijulikana, kwa maneno mengine, kwa sababu vilipita kwenye chujio! Kwa hiyo mshumaa ni mzuri kwa kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo, lakini usiutegemee peke yake kwa homa ya ini aina ya A wala kwa virusi vinavyoharisha watoto. Na ukipata ufa, hata mwembamba kama unywele, basi ni sufuria tu yenye tundu. Unataka kusuguliwa mara kwa mara na kubadilishwa kwa wakati wake, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapoanguka. Anayetuma chujio bila ya mishumaa ya akiba ametuma zawadi ya miezi kadhaa.

Jagi la London nalo ni chujio, lakini limetengenezwa kupunguza chokaa na harufu ya klorini katika maji ambayo serikali imeshayaua vijidudu. Halikuumbwa kwa maji ya kisima. Kulituma Makunduchi kwa ajili ya kipindupindu ni mfano hasa wa lile nililosema, la kununua jawabu ya suali la mtu mwengine.

KUTIA DAWA

Mwaka 1905 mji wa Lincoln, Uingereza, ulipatwa na homa ya matumbo, na Alexander Houston akaanza kutia klorini katika maji ya mji mfululizo. Mwaka 1908 John Leal akafanya hivyo Jersey City, Marekani, na jambo hilo likabishaniwa mahkamani, wakubwa wa mji wakilipinga. Leal alishinda, na miji mengine ikafuata.

Klorini iliingia majumbani kwa nguvu baada ya kipindupindu kulipuka Peru Januari 1991 na kuenea Amerika ya Kusini. Hapo wataalamu walikaa wakatunga mpango wa mambo matatu: chupa ya dawa hafifu ya klorini, chombo chenye mdomo mwembamba, na mafunzo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa hiyo ilikuwa ikiuzwa madukani Kenya na Tanzania. Uzuri wake ni rahisi kwa bei, inaua bakteria na virusi vingi, na ndiyo njia pekee kati ya hizi inayobaki ndani ya maji na kuyalinda. Nusu saa baada ya kutia, kikibaki kama miligramu 0.5 katika lita, maji yana mlinzi.

Lakini nayo ina sharti zake. Maji ya tope yanaila dawa kabla haijafika kwa vijidudu, kwa hiyo kwanza tuamisha au chuja, na hapa shabu na mlonge na hata kitambaa safi vinapata kazi yao. Na kuna vimelea visivyoijali klorini kabisa. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliharishwa na kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kilichopita katika maji ya mfereji yaliyotiwa klorini. Kile mshumaa mzuri unakikamata, na kuchemsha kunakiua.

Kubwa zaidi ni ladha. Watu wanakataa harufu, na pua ndiyo mizani yetu ya kale. Aliyezoea mtungi uliofukizwa ubani, leo unamwambia maji mazuri ni yale yanayonuka dawa ya kufulia!

JUA

Mwaka 1980 Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut alionesha kwamba maji yaliyowekwa juani katika chupa nyeupe hufa bakteria wake. Baadae Uswisi wakaieneza: chupa ya plastiki isiyo rangi, maji yasiyo tope, saa sita za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Mwaka 1996 Ronan Conroy na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa Kimasai nchini Kenya. Walioweka chupa juani waliharisha kidogo kuliko walioziweka ndani, na kipindupindu kilipofika huko baadae, watoto wadogo wa kundi la jua walipata afueni. Kwa nyumba isiyo na senti ya mkaa, hii si njia ya kudharau. Lakini ni chupa moja moja, na masika jua linakimbia.

MADINI NA CHUMVI

Mpaka hapa nimesema vijidudu tu. Kuna maji ambayo khatari yake si kijidudu. Upande wa Arusha, Meru na Kilimanjaro, na bonde zima la Ufa mpaka Nakuru, maji mengi yana floraidi nyingi kutokana na mawe ya volkano. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na huko kuna visima vinavyokipita mara nyingi sana. Meno yanakuwa ya kahawia, na kwa walio wengi wa kiwango kikubwa mifupa inapinda. Hapa kuchemsha si kwamba hakusaidii, kunazidisha, kwani maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki pale pale. Klorini haifanyi kitu, jua halifanyi kitu. Dawa yake iliyofanyiwa kazi Ngurdoto, karibu na Arusha, na kwa miradi ya Nakuru, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Ni huko huko Arusha ambako Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga lililochanganywa na vitu vya kunasa madini, likashinda mwaka 2015 tunzo ya kwanza ya uhandisi ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uingereza. Nililolipenda kwake ni kwamba chujio linapangwa kwa maji ya mahali penyewe. Anaanza na suali, kisha jawabu.

Chumvi nayo ina chombo chake. Utando unaosukumiwa maji kwa nguvu ukabakisha chumvi ulitengenezwa Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1950 na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan. Ghuba wanaishi kwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Muscat kiwanda cha Ghubra kilianza 1976. Kile kimtambo cha chini ya karo ni mtoto wa utando huo. Kinatoa karibu kila kitu, floraidi na chumvi na vijidudu. Lakini kinataka msukumo wa maji au pampu ya umeme, kinataka kubadilishwa vichujio, na kwa kila lita kinayopata kinamwaga kadhaa. Kukipeleka pahala ambapo maji yanabebwa kwa ndoo ni kumuonea aliyeyabeba.

SASA TUCHAGUE VIPI?

Mimi naona tusianze na kuuliza njia gani bora. Tuulize kwanza haya, kwa mpango huu.

Maji yanatoka wapi? Kama ni kisima katika nchi ya volkano, au kisima cha pwani kilichoingia chumvi, yapimwe madini kabla ya kutumia senti yoyote. Kipimo kimoja ni rahisi kuliko kimtambo kisichofaa.

Yana tope? Yatuamishwe na kuchujwa kwanza, ndipo yachemshwe, yatiwe dawa au yawekwe juani. Weupe ni matayarisho tu, kazi bado.

Nani atafanya kazi hii kila siku, na kwa pesa ya nani? Njia inayofanywa siku tatu kwa wiki haimlindi mtoto siku ya nne. Kama mkaa haupo, usimshauri mama wa watu kuchemsha. Mtafutie klorini, au mshumaa na akiba yake, au vyote viwili, kwani kuchuja kisha kutia dawa ndiko kunakofunika mengi kwa gharama ndogo.

Na mwisho, yatakaa katika nini? Hapa ndipo narudi kwenye kata. Michael Kremer, aliyepata Nobeli ya uchumi 2019, na wenzake walipima chemchem zilizojengewa katika eneo la Busia, Kenya. Uchafu kwenye chemchem ulipungua kwa karibu theluthi mbili, lakini majumbani faida hiyo ilikuwa imeshuka sana, kwani maji yalichafuka njiani na ndani ya vyombo. Yaani nusu ya vita ipo baada ya kusafisha. Kule Nyanza mradi mmoja uliwaendea wanawake wafinyanzi, wakaubadilisha mtungi: mdomo mwembamba usiopitisha mkono, kifuniko, na koki chini. Watu waliukubali kwa sababu maji yake ni baridi na ni mtungi wao, na dawa ya klorini ikaingia nyuma yake. Nadhani mradi ule uliwaelewa watu wake kuliko mingi iliyokuja na madumu ya plastiki.

Kwa hiyo jamaa akikupigia simu kesho akakwambia umletee mashine, muulize maji yake yanatoka wapi, yanakatwa mara ngapi kwa wiki, yana ladha ya chumvi au hayana, na baada ya kuchemshwa yanawekwa wapi. Huenda ukakuta kinachotakiwa ni ndoo yenye kifuniko na koki, na pesa ya dawa ya mwaka mzima, vitu ambavyo vinapatikana Darajani na havihitaji kupanda ndege. Na sisi wenye uwezo wa kuandika na kusikilizwa, tusisahau kuwa Barghash hakumuachia kila mtu na mtungi wake. Mfereji unaotoa maji safi saa zote ndio haki ya raia. Haya mengine yote ni ya kupitishia muda mpaka hapo.

Wenye kujua zaidi, khasa madaktari na wahandisi, watuongezee na watusahihishe.

Wasalaam.